Bahasha za Dokta Munkholm

Aarhus, 16 Januari 2023

Kwa Bi. Gudrun Bisgaard,

Samahani kwa kukuandikia bila ya kujuana. Naitwa Signe Lyngholm, mtafiti wa mambo ya uuguzi hapa Aarhus. Mimi na mwenzangu Esben Krogh tunapitia upya tafiti zote zilizowahi kulinganisha bendeji za kutibu vidonda vya miguu, vile vya wazee vinavyokataa kupona. Ziko hamsini na nane. Mojawapo ni ya marehemu Dokta Aksel Munkholm, aliyoifanya kwenye kliniki ya Klitholm mwaka 1991, na wagonjwa mia moja na arobaini na wanane. Mwishoni mwa makala yake kuna mstari mmoja unaomshukuru Sista G. Bisgaard kwa kutunza bahasha. Nimekupata kwenye kitabu cha simu, lakini simu yako haipokelewi.

Kazi yetu kwa sasa si kusema bendeji ipi ni nzuri. Tunauliza kwanza kila utafiti ulifanywaje, na kama kuna mahali ambapo upendeleo ungeweza kupenya. Tunatumia lahajedwali, jedwali la kompyuta lenye visanduku. Kila utafiti una mstari wake na kila swali lina kisanduku chake. Majibu yanayoruhusiwa ni matano tu: Ndiyo, Huenda ndiyo, Huenda siyo, Siyo, Hakuna taarifa. Ukishajaza, jedwali lenyewe linatoa rangi: kijani, njano au nyekundu.

Kwenye mstari wenu kuna swali moja limenishinda: je, kura ilifichwa mpaka mgonjwa alipoandikishwa? Dokta aliandika kwamba wagonjwa waligawanywa kwa kura, huyu bendeji mpya, yule ya zamani, na kwamba kura zilikuwa ndani ya bahasha. Hakusema zaidi. Je, bahasha zilikuwa zimefungwa? Zilikuwa nene kiasi cha kutoonyesha kilichomo? Kuna mtu aliyeweza kuijua kura kabla mgonjwa hajaandikishwa?

Najua ni zamani sana. Hata mistari miwili itanitosha. Nimeweka bahasha yenye stempu.

Wako,
Signe Lyngholm


Klitholm, 25 Januari 2023

Mpendwa Signe Lyngholm,

Simu haipokelewi kwa sababu naiacha ilie. Wanaopiga wote wanataka kuniuzia kitu.

Nilifanya kazi na Dokta Munkholm miaka ishirini na miwili. Alikuwa mtu wa kupangusa viatu kabla ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe. Bahasha zilikuwa za khaki, nene, zimefungwa kwa gundi, zina namba kuanzia moja hadi mia moja arobaini na nane. Zilikaa kwenye droo ya meza yangu na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Mgonjwa akikubali, jina lake naliandika kwanza, halafu naifungua bahasha inayofuata mbele ya macho yake. Hakuna aliyejua kitu kabla. Kwenye kisanduku chako andika Ndiyo.

Hiyo kompyuta yako inajua kuuliza kama watu walikuwa wamechoka? Tulikuwa manesi wawili kwa eneo zima, na vidonda havina likizo.

Stempu nimeirudisha. Ninazo zangu.

Gudrun Bisgaard
nesi mstaafu


Aarhus, 2 Februari 2023

Mpendwa Bi. Gudrun,

Asante sana. Nimeandika Ndiyo, na mstari wenu umegeuka kijani. Sikufichi, nilishusha pumzi. Utafiti wenu ndio mkubwa kuliko wote kwenye jedwali letu. Ukiutoa, hamsini na saba zinazobaki ni minong'ono tu. Tarehe 24 Aprili inakutana kamati ya kuandika mwongozo mpya kwa wauguzi wa manispaa zote. Wanachosubiri ni sisi tuwaambie kama bendeji mpya inaponya kweli, na bila ya Klitholm tusingekuwa na la kusema.

Umeuliza kama kompyuta huuliza watu kama wamechoka. Haiulizi. Huu ni mwezi wangu wa kumi na moja na jedwali hili. Juzi mume wangu Jeppe aliniuliza kama nataka mkate mweusi na samaki wa siki au na maini ya kusaga, nikamjibu, "Hakuna taarifa." Akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemjibu kwa dhati.

Nakutakia afya njema.

Signe


Aarhus, 20 Februari 2023

Mpendwa Bi. Gudrun,

Naona aibu kukusumbua tena. Inabidi nikueleze tunavyofanya kazi. Mimi na Esben kila mtu anajaza jedwali lake peke yake, bila ya kuangalia la mwenzake. Ndiyo maana tuko wawili: mmoja akikosea, mwingine amshike. Tukimaliza, karatasi ya tatu inaweka majibu yetu sambamba na kuonyesha tulipotofautiana. Kwenye mstari wa Klitholm mimi nina kijani, yeye ana nyekundu.

Esben ni mtu wa takwimu, ana mgongo mbovu kwa hiyo anafanya kazi amesimama siku nzima, na ana mdomo. Aliniita mezani kwake.

"Signe, huyu nesi wako ni mchawi?"

"Kivipi?"

"Kura ya haki haichagui vijana. Njoo uone."

Akanionyesha ukurasa wa pili wa makala. Waliopata bendeji mpya, wastani wa umri wao ni miaka sitini na sita. Wa bendeji ya zamani, sabini na nne. Na vidonda vya hawa wa mwanzo vilikuwa nusu ya ukubwa wa vile vya wenzao. Esben anasema kwa watu wengi hivyo, bahati tupu haifanyi kitu kama hicho, ila labda mara moja katika maelfu.

Nikamwambia, "Ameniandikia kwa mkono wake kwamba zilifungwa."

Akasema, "Hata bibi yangu aliniandikia kwa mkono wake kwamba hajawahi kuvuta sigara."

Msamehe. Mimi nakuamini. Lakini nalazimika kuuliza: kuna jambo lolote unalolikumbuka, hata dogo, ambalo lingeweza kueleza tofauti ile?

Signe


Klitholm, 27 Februari 2023

Signe Lyngholm,

Umeniita mwongo kwa adabu sana. Nakupongeza, sikuwahi kuona imefanywa vizuri namna hiyo.

Dokta Munkholm yuko kaburini mwaka wa tisa sasa. Mjane wake, Karen Margrethe, nakutana naye kila Jumamosi kwa mwoka mikate. Ananishikia mlango kwa sababu ya nyonga yangu. Unataka nimwambie nini? Kwamba kuna bwana huko Aarhus, amesimama, anamcheka mumewe?

Nyinyi watu wa visanduku hamjawahi kubandua bendeji iliyogandia kwenye nyama ya mtu. Hamjasikia harufu yake. Hamjui kilio cha mzee anayejaribu kutolia. Mnakaa mnapaka watu rangi.

Usiniandikie tena habari za bahasha.

G. Bisgaard


Aarhus, 20 Machi 2023

Mpendwa Bi. Gudrun,

Sikuandikii habari za bahasha.

Uliposema kwamba tunakaa tunapaka watu rangi, nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikafungua jedwali langu na kuitazama mistari kumi na minne niliyoijaza Oktoba. Nilikuwa nimeikwepa tangu wakati ule.

Oktoba nilikuwa nimefika mwisho. Kila makala nilikuwa nikiisoma mara tatu na kila nikigeuza ukurasa nilikuwa nimesahau uliopita. Mkuu wetu alitaka tarehe ya kumaliza. Asubuhi moja Esben alikuwa kwa daktari wa mgongo. Faili lake lilikuwa mle mle ninamoweka langu, halina hata nywila. Nikalifungua. Nikanakili majibu yake ya tafiti kumi na nne, ambazo sikuwa nimesoma zaidi ya muhtasari, halafu nikabadilisha matatu ili tusifanane mno. Ilinichukua dakika kama ishirini. Karatasi ya tatu ilipotuweka sambamba, Esben alifurahi. Alisema, "Unaona, Signe? Sasa tumeanza kuona kwa jicho moja." Aliniletea keki ya mdalasini.

Ijumaa iliyopita nilimwambia. Mgongo ulikuwa unamsumbua, akawa amelala chali sakafuni, kama anavyofanya ukizidi. Hakuinuka. Aliendelea kutazama dari.

"Mistari gani?" akauliza.

"Kumi na minne."

"Sikuuliza mingapi. Niorodheshee."

Tangu siku hiyo tunaongea namba za mistari tu. Mkuu wetu naye nimemwambia. Mkataba wangu unaisha Juni na sidhani kama utarudiwa. Sasa nazisoma zile kumi na nne kuanzia ukurasa wa kwanza, na Esben ameliwekea faili lake nywila.

Sikuambii haya ili nawe uniambie kitu. Au labda ndiyo sababu. Nimechoka kiasi kwamba hata nia yangu mwenyewe siioni vizuri. Nilitaka tu ujue kwamba aliyekuandikia zile barua za adabu ni mtu wa namna gani.

Signe


Klitholm, 2 Aprili 2023

Mpendwa Signe,

Leo ni Jumapili ya Matawi. Sikwenda kanisani, nyonga inauma. Nimeketi na barua yako tangu kahawa ya asubuhi.

Droo ilikuwepo na ufunguo ulikuwepo. Bahasha zilikuwa za khaki, hilo ni kweli, ila hazikuwa nene. Chumba cha pili kilikuwa na ile taa ya ukutani ya kusomea picha za eksirei. Ukiibandika bahasha pale, herufi ya ndani inaonekana: M kwa mpya, Z kwa ya zamani.

Sikuanza kwa ubaya. Bendeji mpya ilikuwa na matabaka manne, inabana, kuifunga ni dakika arobaini, na mgonjwa lazima arudi kila wiki. Siku ya kwanza kuitumia taa ile, niliyekuwa naye ni bibi wa miaka themanini na mitano, mifupa mitupu. Nikaona itamtesa bure. Bahasha yake ilikuwa M. Nikairudisha kwenye droo, nikampa iliyofuata, Z. Ile M akaipata mama mmoja wa miaka sitini anayeishi na bintiye, kidonda chake kama kitufe cha koti. Akapona kwa wiki sita. Dokta alinipiga begani akasema, "Umeona, Gudrun?"

Niliona. Nilitaka aone tena.

Baada ya hapo ikawa mazoea. Mwenye nguvu, mwenye mtu nyumbani, mwenye kidonda kidogo, namtafutia M. Hayo sikuyaita wizi. Nilijiambia kwamba bendeji nzuri inastahili wagonjwa wazuri. Niliandika hesabu yake kwa penseli nyuma ya kitabu cha zamu: bahasha thelathini na moja nilizisoma na hazikwenda kwa wenyewe.

Mwezi Mei Dokta aliingia ghafla. Taa ilikuwa inawaka na bahasha ilikuwa mkononi mwangu, imebandikwa kwenye kioo cha taa. Alisimama mlangoni. Akasema, "Samahani," akaufunga mlango. Hatukulizungumza jambo lile mpaka anakufa.

Sasa nikwambie habari za Ejnar Toftegaard. Alikuwa mfuga nguruwe, hana mke, anaishi na mbwa na anakunywa. Alikuja ana matope mpaka magotini. "Sista," akaniambia, "nifunge hicho kitambaa upesi, nguruwe wangu hawajui kusubiri." Bahasha yake ilikuwa M. Nikawaza, huyu harudi kila wiki, huyu atatuharibia matokeo. Nikampa Z.

Alirudi kila wiki, Signe. Hakukosa hata moja, mvua ikinyesha au theluji ikianguka. Machi ya mwaka uliofuata walimkata mguu chini ya goti.

Aliishi miaka kumi na moja baadaye na kile kisiki cha mguu nilikuwa nikimhudumia mimi. Alikuwa akinitania, "Sista, sasa nina kiatu cha akiba." Nilicheka kila mara. Alikufa bila ya kujua kwamba kulikuwa na bahasha yenye bahati nyingine iliyokuwa yake.

Unajua kinachonichosha? Si dhambi. Nimejiuliza miaka thelathini na moja: ningempa bahasha yake, mguu ungepona? Kitu pekee ambacho kingeweza kunijibu ni utafiti ule. Nikiusoma, namba zinaniambia bendeji mpya inaponya, kwa hiyo mguu wa Ejnar niliukata mimi. Halafu nakumbuka kwamba namba zile nilizipanga mwenyewe na hazisemi chochote. Sina hata haki ya kuwa na hakika ya kosa langu.

Weka rangi unayoiona. Na kuhusu faili la Esben: ulikosea, na umesema baada ya miezi mitano. Usijilinganishe na mimi. Kula vizuri.

Gudrun


Aarhus, 26 Aprili 2023

Mpendwa Bi. Gudrun,

Nilimpa Esben barua yako aisome. Alianza amesimama. Alipofika kwa Ejnar, akavuta kiti akakaa. Miaka minne tunafanya kazi chumba kimoja na sikuwahi kumwona amekaa. Alipomaliza akasema, "Yale ya uchawi niliyasema vibaya. Mwambie." Nakwambia.

Tulibadilisha kisanduku kimoja tu, Ndiyo ikawa Siyo, na mstari mzima ukawa mwekundu. Zile kumi na nne zangu tumezisoma upya, kila mtu peke yake. Tisa zimebaki zilivyokuwa na tano zimebadilika rangi. Kwenye mbili kati ya hizo tano, aliyekuwa amekosea ni Esben, nami nilikuwa nimenakili kosa lake.

Juzi tulikwenda mbele ya kamati. Mwenyekiti alitusikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kwa hiyo baada ya mwaka mzima, jibu lenu ni kwamba hamjui?"

Esben akamjibu, "Ndiyo. Mwaka jana hatukujua kwamba hatujui."

Hakuna aliyecheka. Wamekubaliana kwamba mwongozo usimlazimishe mtu bendeji yoyote kwa sasa, muuguzi na mgonjwa waamue wenyewe. Na wameomba utafiti mpya ufanywe katika manispaa sita. Kura zitatoka kwenye kompyuta iliyo mji mwingine, kwa simu, mgonjwa akishaandikishwa. Hakutakuwa na droo. Mimi sitakuwepo. Mkuu wetu aliniita jana, mkataba hautarudiwa. Sikubishana. Nilirudi nyumbani nikalala sebuleni na viatu miguuni, saa nane mchana, na Jeppe akanifunika koti lake.

Limebaki jambo moja. Kila rangi nyekundu lazima iwe na sababu yake, imeandikwa kwenye kisanduku cha pembeni, nayo itachapishwa ili yeyote aisome. Esben ameandika hivi, na ameandika kwa wema:

"Kwa mujibu wa barua ya mmoja wa wahudumu wa wakati huo, inadaiwa kwamba baadhi ya bahasha huenda zilisomwa kabla ya wagonjwa kuandikishwa."

Jina lako halimo, wala mlango wa Dokta Munkholm. Ukitaka kitu kiondolewe, niambie na tutakiondoa.

Signe


Klitholm, 3 Mei 2023

Mpendwa Signe,

Jumamosi nilimwomba Karen Margrethe tukae kwenye benchi nje ya duka la mikate. Nilimwambia yote, pamoja na mlango. Aliuweka mfuko wa mikate mapajani akaukunja mdomo wa mfuko, akaukunjua, akaukunja tena.

Akasema, "Aksel aliniambia wiki ile ile. Alisema, nimeona kitu na sikukizuia. Miaka yote nilikuwa nangoja wewe uanze."

"Mbona hukuanza wewe?"

"Nilidhani unayo nguvu ya kukaa nacho. Mimi sikuwa nayo ya kukitoa."

Tukakaa mpaka baridi ikatuinua. Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu, ingawa kwake ni upande wa pili.

Amesema mlango wa Aksel uandikwe. Nami sentensi ya Esben naikataa. Mwambie nimeuona wema wake, na nimechoka nao. Sikuwa mmoja wa wahudumu, wala hakuna anayedai, nasema mwenyewe. Iandikwe hivi, na asibadilishe hata nukta:

"Bahasha thelathini na moja zilisomwa kwenye taa na Nesi Gudrun Bisgaard kabla ya wagonjwa kuandikishwa, naye akachagua nani apewe nini. Dokta Munkholm alimwona mara moja na hakumzuia. Ejnar Toftegaard, mfuga nguruwe, alipewa bahasha isiyo yake."

Gudrun Bisgaard